Vifungo vya Gauni la Manjano

Uliwahi kumpamba mgonjwa, mwenzangu?

Mimi nilimpamba mjukuu wangu. Mara ya kwanza nilipompeleka zahanati, nesi alitufokea mbele za watu kwa sababu ya tope miguuni mwake. Safari hii, homa ilipompanda, nilimwogesha, nikampaka mafuta mpaka akang'aa, nikamvisha gauni la manjano lenye vifungo sita.

Nesi akamtazama kwa mbali. "Bibi, mrembo huyu naye anaumwa nini? Kaeni kule mwisho wa foleni."

"Ahsante, mwanangu."

Tukakaa mpaka mchana. Kifungo cha tatu kilikuwa kikipanda na kushuka kwa pumzi zake. Kisha kikatulia.

Nikambeba, nikawapita wote, nikaushika mkono wa nesi, nikauweka pale kifungoni.

"Mguse. Tangu asubuhi nilitaka umguse tu."