Kobe na Kamba za Ghala

Wanyama walipokuwa wakijenga ghala refu la nafaka, kamba ya Kicheche ilikatika, naye akaanguka na kuvunjika mguu. Tangu hapo Ngedere, aliyejenga juu kuliko wote, akawa anamshuku Kobe, mtunza kamba. Kobe alikuwa akiwahi kazini peke yake kila alfajiri, na kamba zikakutwa zimevutwavutwa.

“Kupanda hawezi,” aliwaza Ngedere. “Anatuonea wivu, na sasa atanimaliza mimi.”

Siku moja akajibanza nyuma ya matofali. Akamwona Kobe akijikokota juu ya ukuta mfupi, akajifunga kamba, kisha akajiachia. Kamba ikakatika, Kobe akaanguka chali.

Ngedere akajitokeza. “Unazifanyia nini kamba zetu?”

“Tangu Kicheche aanguke nazijaribu, ndugu yangu. Mimi ni mzito kuliko ninyi. Kamba isiyonibeba mimi haifiki kwako. Sasa nigeuze, tafadhali.”

Ngedere akamgeuza. Gamba lilikuwa limejaa nyufa mbichi. Akaketi chini, akaanza kusokota kamba mpya, na siku hiyo hakuna aliyepanda.