Kiatu cha Ushahidi

Miezi minane baada ya bomu la sokoni, Bi Mwanamkuu alirudi bungeni kudai kiatu cha mwanawe, alichokuwa ameikabidhi kamati kama ushahidi. Alikikuta. Kilikuwa kimebanwa chini ya mlango wa chumba cha kamati, ili upepo usiufunge.

Ndani, waheshimiwa walikuwa bado wanaupiga danadana muswada wa kuzuia ugaidi wa ndani.

"Tuutupe tu huu," alisema mwenyekiti, Mheshimiwa Luhanga, akitafuna korosho. "Magaidi wa ndani wako wapi? Wale ni vijana wetu, wapiga kura wetu, walipandwa na hasira tu. Wananchi waache uoga!"

"Waache uoga!" waliitikia wenzake, wakigonga meza.

Bi Mwanamkuu hakupiga hodi. Aliinama, akakichomoa kiatu. Upepo ukaubamiza mlango kwa kishindo.

Alipousukuma tena, viti vyote vilikuwa vitupu na korosho zimetapakaa sakafuni. Chini ya meza, sauti ya Mheshimiwa Luhanga ilikuwa ikilia, "Mama yangu, nakufa!"

Bi Mwanamkuu alikifuta kiatu vumbi kwa upindo wa kanga, akasimama palepale mlangoni, kungoja nani atatoka wa kwanza.