Dada Alipokuja Kukagua Chumba

Dada yake alibonyeza godoro kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima mkate wa juzi.

"Hapa ndipo unapolala?"

"Ndipo," alijibu fundi.

"Na usingizi unaupata?"

"Mpaka nakoroma."

Dada mkubwa alipangusa kidole kwa leso, ingawa shuka lilikuwa limefuliwa jana yake. Ilikuwa Jumamosi mchana. Fundi, mwanamke aliyeishi kwa kushona viatu na kuvitia soli, alikuwa ndiyo kwanza amefunga kibanda chake cha mbele aliposikia hodi. Miaka kumi na miwili tangu apange hapa, dada yake hakuwahi kuvuka kizingiti. Alizoea kutuma maneno tu: mdogo wangu aache kunuka gundi, aje akae kwangu, vyumba tisa vinatutosha, atanisaidia kusimamia wafanyakazi. Fundi naye alizoea kukataa kwa adabu.

Leo mwenyewe kaja. Fundi alijua adabu peke yake haitatosha, akaanza kulitafuta neno la kukatalia.

"Shemeji hajambo?" aliuliza, ili kuvuta muda.

"Ana mali."

"Nimeuliza kama hajambo."

"Nami nimekujibu."

Dada alivua viatu akavisukumia kando. Vilikuwa vya ngozi laini, vya bei ya kumlisha fundi mwezi mzima, lakini vilijaa vumbi na kisigino kimoja kilining'inia.

"Umekuja kwa miguu?"

"Kutembea ni afya. Au afya ni ya maskini peke yenu?"

Akaanza kuzunguka chumba. Alifunua sufuria akaifunika. Alichungulia bafu akakunja pua. Alitikisa komeo la mlango mara tatu.

"Hili linashika kweli?"

"Linashika."

"Wateja wako wanaingia mpaka huku?"

"Wanaishia kibandani."

"Na dirisha linatazama barabarani?"

"Linatazama ukuta wa jirani."

"Hata cha kutazama huna," alisema dada.

 Fundi alimjua dada yake tangu utotoni: akitaka kukushinda, kwanza anakusanya aibu zako zote, halafu anakumwagia kwa mpigo mmoja.

Mwisho dada alisimama mbele ya kiti cha kubembea kilichokuwa pembeni, kipya, chenye mto wa rangi ya machungwa.

"Na hiki?"

"Changu. Nilijinunulia mwezi uliopita."

"Friji huna, lakini unabembea. Nani alikufundisha kupanga matumizi?"

"Nilijiuliza nikitoka kazini nataka nini. Nikaona nataka kukaa."

Dada alicheka kwa puani. "Watu wazima hujiuliza faida, wewe unajiuliza raha. Watu wana viatu mkononi wanakutafuta, wewe saa sita umeshafunga. Ungevumilia mpaka jioni, leo ungekuwa na duka la vioo."

"Ningekuwa na duka la vioo na mgongo mbovu."

"Maskini jeuri."

"Jeuri ninayo," fundi alisema. "Umaskini ndio sijauona. Kodi nimelipa, nimekula, na jioni naenda kuimba na wenzangu. Baada ya hapo nitake nini tena?"

 Dada alijishusha kitini taratibu, akaegemea, akafumba macho. Kiti kikaenda, kikarudi. Fundi alimwacha. Aliokota kile kiatu, akatafuta nyundo na misumari midogo, akaanza kukiweka sawa kisigino. 

"Unaamka saa ngapi?" dada aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Saa kumi na mbili."

"Mapema kiasi hicho, kwa viraka vya viatu vya watu."

Fundi aliona sasa ndio wakati wa kusema. Alikiweka kiatu chini, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Dada, nisikilize, na usikasirike. Najua ulichojia, na jibu ni lile lile. Siji kwako. Nyumba yako ni nzuri, lakini kila nikija naona watu wanatembea kwa vidole, hata wewe mwenyewe. Mara ile nilipotaka chai ya pili, ulitazama mlangoni kwanza kabla ya kunimiminia. Pesa ya namna ile siiwezi. Hii yangu ni ndogo, lakini hainiulizi nimetoka wapi wala nimecheka na nani. Kwa hiyo nashukuru, ila siji."

 Fundi hakuwahi kumwambia dada yake maneno mengi hivyo kwa mara moja, akasubiri amwagiwe.

Dada alifumbua macho. Alimtazama mdogo wake kuanzia aproni mpaka usoni, kwa ile dharau yake ya siku zote.

"Nani kakualika?" alisema. "Shemeji yako akija kuniulizia, mwambie hujaniona."