Alama Tisa

"Hongera, dada Mwajabu!" alisema muuguzi, daktari akiwa kando yake. "Umepata alama tisa tu."

Mwajabu, msusi wa nywele, alirekebisha kilemba chake. "Tisa ni nyingi au chache?"

"Chache! Kipimo cha vinasaba kinasema ule uvimbe uliotolewa kwenye titi hauna haraka ya kusambaa. Vidonge vinakutosha. Huhitaji dripu ya dawa kali hata moja!"

Dripu ya nne, ya mwisho, alikuwa ameimaliza Jumanne.

Muuguzi alimgeukia daktari, na tabasamu likamwisha. Daktari aliinamisha kichwa. "Kipande cha uvimbe kilipimwa ng'ambo, mama. Majibu yalichelewa, nasi tuliogopa kusubiri."

"Yaani nimechapwa viboko kwanza, ndipo matokeo ya mtihani yakatoka?"

Mwajabu alivisugua vidole vyake.

"Na ganzi hii ya vidole mliyoniachia? Wiki ya tatu sasa siwezi kusuka hata kichwa cha mtoto."

"Kwa wengine huondoka," alisema daktari.

"Na kwa wengine?"

Muuguzi alimnyooshea karatasi. "Chukua, dada. Ni yako."

Mwajabu aliipokea, kisha akautazama mkono wake, ili ajue kama ameishika.