Mwenye Viti

Mwenyekiti wa wazazi aligonga meza. "Kabla tuanze, wageni wasimame watusalimie."

Hakuna aliyesimama. Mwalimu mpya, aliyetoka Kalamba juzi tu, alikaa kando yangu akichezea simu. Macho yote yakatua kwenye hijabu yangu.

"Mama Liban," mwenyekiti akasema, "si usimame tu."

Miaka ishirini na mbili nimeendesha duka na kukodisha viti hapa Kyuso. Liban nilimzaa hapa. Na asubuhi hiyo mwenyekiti alikuja kuniomba viti vya mkutano, nikampa vyote sitini, bure.

Nikasimama. Nikakigeuza changu, wakaona jina langu limeandikwa nyuma kwa rangi nyeupe.

"Hamjambo," nikasema. "Sasa na nyinyi simameni. Mgeni anataka viti vyake."