Shamba Lililolazwa

"Hapa mpimaji kaandika westilendi," karani wa ardhi alimsomea Bi Sihaba, kidole kikiwa juu ya ramani. "Yaani ardhi tupu, haina kazi. Ndiyo maana kapewa mwekezaji."

"Tupu?" Bi Sihaba alidakia. "Shamba nimelilaza, mwanangu! Limenizalia mihogo miaka sita, sasa linapumzika. Mwakani nalima."

"Kwa Kiingereza hakuna shamba linalolala, mama. Ulitaka aandike nini?"

Bi Sihaba aliinama, akaichomoa kamusi nene ya Kiingereza iliyotegemeza mguu mfupi wa meza. Meza ikaenda upande, kikombe cha chai kikapinduka juu ya ramani. Karani akairukia ramani, lakini Bi Sihaba alishaikandamiza kwa kiganja.

"Tafuta kwanza!"

Karani akapuliza vumbi, akafunua kurasa, kidole kikasimama kwenye neno.

"Lipo?"

"Lipo, mama. Falo: shamba lililolazwa."

"Basi liandike!"

Karani alitazama ramani. Chai ilikuwa imeshauvuka mto, inaingia shambani, na maandishi ya mpimaji yalianza kuvimba. Bi Sihaba hakuinua mkono.