Kidole Juu ya Kitufe

Kompyuta iliwekwa kitandani, juu ya mapaja ya mgonjwa, na kidole cha mkono wake wa kulia kikalazwa juu ya kile kitufe kirefu cha chini. Kilichobaki ni sauti tu.

Alikuwa amelala hivyo miezi minne, tangu aanguke ngazini kazini. Mashine ilimpumulia. Madaktari walimwita, walimchoma sindano, walimmulika tochi machoni, hakutikisika. Saa sita mchana huo mashine ingezimwa. Mkewe alishatia sahihi.

Mama mzazi peke yake ndiye aliyekataa.

"Mwanangu anasikia," alimwambia daktari. "Mwekeeni ule mchezo wake wa ndege. King'ora kikilia, kidole kitabonyeza chenyewe. Miaka ishirini amekuwa akibonyeza, hata usingizini alikuwa akibonyeza mto."

Daktari alimhurumia. Kidole kikijibu king'ora, alisema, mashine haizimwi.

Basi mdogo wa mgonjwa, fundi kompyuta, alikuwa ameinama pale tangu asubuhi. Windows ya kompyuta ile ilikufa zamani, akaweka mfumo mwingine, Linux. Mchezo wenyewe wa kizamani ulifunguka kwa Wine, ile programu inayoudanganya mchezo wa Windows ujione uko kwao. Ndege ziliruka, mabomu yakaanguka, lakini kimya kama kaburini.

"Nyimbo zinalia vizuri," alisema fundi. "Mchezo ndio bubu."

"Au fundi ndiye kiziwi," alisema mke wa mgonjwa, akiendelea kumsugua mumewe nyayo.

"Nikishindwa, shemeji, nitakuoa mimi, unisimange kila siku."

"Acheni utani wenu juu ya mtu," mama aliwakemea. "Nimewaambia anasikia."

Mke aliinamisha kichwa. "Ndicho ninachotaka kujua, Mama. Nisije nikaishi na shaka."

Fundi alibadili mpangilio wa sauti ndani ya Wine. Kimya. Akaufungua mchezo kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi, ili aone unalalamikia nini. Mistari ikamiminika. Aliisoma mmoja mmoja, kidole kikifuata kioo kama mtu anayechambua mchele, kisha akajipiga paja.

"Kumbe! Mchezo huu ni wa biti thelathini na mbili. Maktaba za sauti, zile faili za kuupa mchezo sauti, zilizomo humu ni za sitini na nne. Unaitwa kwa lugha usiyoijua, utaitikaje?"

"Zitapatikana?" mama aliuliza.

"Zitapatikana, mama. Tuombe mtandao usitutupe."

Akawasha data ya simu, akaanza kupakua. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasorobo. Asilimia arobaini. Arobaini na moja. Mashine ya kupumulia ilivuta, ikashusha, ikavuta.

"Mama, nenda kamwombe daktari dakika kumi tu," mke alisema. "Wewe atakusikiliza."

Mama akavaa viatu, akatoka haraka kadiri magoti yake yalivyomruhusu. Alisikika akimwuliza muuguzi njia.

Asilimia mia.

Fundi akaufungua mchezo upya, sauti akaiweka chini. Injini za ndege zikanguruma. Mke akaacha kusugua nyayo, akaja kusimama upande wake, na wote wawili wakainama juu ya kile kidole, wamebana pumzi.

King'ora kikalia.

Kidole kikabonyeza. Ndege ikakwepa.

Kikalia tena. Kidole kikabonyeza tena, upesi zaidi, kama mtu anayegonga mlango.

"Amesikia," mke alinong'ona. Kisha akaongeza, "Miezi minne yote alikuwa akitusikia."

Taratibu, shemeji yake akautoa mkono kiunoni mwake, pale ulipozoea kukaa kila mama alipotoka chumbani.

Viatu vikasikika koridoni. Mama, uso wote umekuwa swali, aliusukuma mlango, daktari nyuma yake.

"Vipi, wanangu?"

Mke wa mgonjwa alikuwa ameshaifunga kompyuta, anamfunika mumewe mkono kwa shuka.

"Sauti imegoma, Mama," alisema. "Tumejaribu kila kitu."